Majibu ya binti yangu yamefanana na ya mwenzake. Nitie saini kwamba alinakili?

Mshauri,

Salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza nguo za mitumba soko la Kibuye. Jambo linaloninyima usingizi linamhusu kifungua mimba wangu, aliye kidato cha nne katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Vihiga. Naomba jina langu na la shule yasitajwe.

Alhamisi iliyopita naibu wa mwalimu mkuu alinipigia simu, akaniambia nifike shuleni. Nikafunga kibanda, nikapanda matatu. Nilimkuta binti yangu ameketi kwenye benchi nje ya ofisi, sanduku lake kando. Nikapewa karatasi yake ya mtihani wa majaribio wa Kemia, ile ya tatu inayofanyiwa maabarani. Imechorwa mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe na kuandikwa sufuri kati ya 40. Pamoja nayo nikapewa barua iliyochapwa tayari. Inasema kwamba mimi mzazi nakiri binti yangu alinakili majibu ya mwenzake, na kwamba akirudia udanganyifu wowote shule itachukua hatua bila kunishauri. Mimi nitie saini, naye atie, ndipo arudi darasani. Niliomba muda wa kufikiri. Nimepewa hadi Jumatatu.

Mwalimu wa Kemia alinieleza mwenyewe, bila hasira, akiwa na karatasi mbili mkononi. Kemia niliiacha kidato cha pili, lakini nimenakili jedwali kama lilivyo. Mara ya kwanza: usomaji wa mwisho 19.7, wa mwanzo 0.0, kiasi kilichotumika 19.7. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu hivyo hivyo. Karatasi ya msichana waliyefanya naye meza moja ina 19.7, 19.7, 19.7. Jibu alilopata mwalimu alipofanya jaribio hilo mwenyewe ni 24.6, na wasichana wengine wote wako kati ya 24.4 na 24.8. Akaniambia, "Mama, wawili wakipata jibu sahihi sawasawa, nafurahi. Wakikosea sawasawa hadi nukta, mmoja amemtazama mwenzake." Sikuwa na la kumjibu.

Binti yangu anaapa hakunakili. Anasema vyombo vya kupimia vilikuwa viwili: kila mmoja alikuwa na bureti yake, ila pipeti ilikuwa moja kwa meza na walipokezana. Nilipomuuliza kama mara zote tatu alipima mwenyewe, alisema muda ulikuwa unaisha, kisha akanyamaza na kuanza kulia. Sikuendelea kumuuliza. Yule mwenzake alitia saini siku ile ile na yuko darasani.

Mwalimu huyu si mtu mbaya. Mwaka juzi tulipochelewa na karo, ndiye aliyemwombea mtoto kwa mwalimu mkuu asirudishwe nyumbani. Siwezi kuamini kwamba amemchukia. Lakini siku ya kurudisha karatasi alimwita mwizi mbele ya darasa zima.

Baba yake anafanya kazi Nakuru. Ananiambia kwenye simu, "Saini ni wino tu, mtoto arudi shule, KCSE hiyo hapo," yaani mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Binti anasema nikitia saini nitakuwa nimetangaza kwamba yeye ni mwongo, na shule ile hatarudi. Mmoja kati ya mwalimu na mwanangu ananidanganya. Nimwamini nani? Nitie saini au nisitie?

*Mama wa Kondele, Kisumu*

JIBU

Mama wa Kondele, pole sana. Umewekwa mahali pagumu: unaombwa ushuhudie kwa maandishi jambo ambalo hukuliona, dhidi ya mtoto wako, na wanaokusukuma pande zote ni watu unaowaheshimu. Naona pia kwamba ulifanya jambo moja la busara sana pale ofisini, la kuomba muda. Wazazi wengi hutia saini wakiwa wamesimama.

Niliposoma barua yako niliona mambo matatu yamefungwa pamoja. La kwanza ni kilichotokea kwenye ile meza ya maabara. La pili ni ile karatasi ya kutia saini. La tatu ni neno "mwizi" lililotamkwa mbele ya darasa. Kila moja lina njia yake, na ukijaribu kuyamaliza yote kwa saini moja, au kwa kukataa kutia saini, mawili yatabaki.

Kabla ya hayo, hebu turudi kwenye sentensi yako kwamba mmoja wao anakudanganya. Mwalimu aliziona karatasi mbili, akaona tarakimu zinafanana. Huo ni ukweli na hata wewe umeuona. Kwamba mtu alimtazama mwenzake, hilo ni hitimisho lake. Hukuandika kwamba alimwona binti akigeuza shingo, na sijui kama ulimuuliza. Binti yako naye alikuwa mezani, anajua macho yake yalikwenda wapi, lakini hajui ni kwa nini jibu lake liko mbali na la darasa zima. Kila mmoja ana kipande chake. Watu wawili wanaweza kukuapia mambo yasiyopatana na asiwepo mwongo hata mmoja kati yao. Inawezekana pia yupo. Ninachokuomba ni kwamba usianze kwa kumtafuta.

Hoja ya mwalimu ina uzito, na ni haki yake tuseme hivyo. Msahihishaji mwenye rundo la karatasi hafuatilii majibu sahihi yanayofanana, hufuatilia makosa yanayofanana. Kila mtu hukosea kwa namna yake, kwa hiyo kosa lile lile hadi nukta ya mwisho hudokeza kwamba chanzo ni kimoja. Tena anafundisha katika nchi ambako KNEC, baraza la mitihani, hufuta matokeo ya KCSE ya wanaopatikana na udanganyifu, na mwalimu anayejali hupenda kulizima jambo hilo kwenye majaribio, kabla halijafika Novemba.

Lakini chanzo kimoja si lazima kiwe jicho la jirani. Nitakueleza jaribio lenyewe, maana bila hilo utaingia ofisini Jumatatu ukiwa huna la kuuliza. Linaitwa titresheni. Mwanafunzi anavuta kiasi maalumu cha myeyusho mmoja kwa pipeti, anakimimina kwenye flaski na kutia matone mawili matatu ya kiashiria. Myeyusho wa pili uko kwenye bureti, mrija mrefu wenye bomba chini na namba zinazoanzia sufuri juu kushuka hadi 50. Anaufungulia kidogo kidogo huku akitikisa flaski, na rangi inapobadilika anafunga na kusoma umetumika kiasi gani. Anarudia mara tatu.

Makosa ya kawaida ya jaribio hili ni madogo, na kila mmoja hukosea peke yake. Akisoma bureti macho yakiwa juu ya usawa wa kimiminika, atapata namba ndogo kuliko ilivyo, na akiinama sana atapata kubwa. Kiputo cha hewa kikibaki kwenye ncha ya bureti kisha kikatoka katikati ya kazi, namba huongezeka. Faneli ikisahauliwa juu na kudondosha matone, namba hupungua. Akipitisha rangi kwa haraka ya kumaliza, namba hupanda tena. Kosa la jicho ni la nukta moja, mbili au tatu hivi. Tofauti kati ya 24.6 na 19.7 ni 4.9. Jicho halifiki huko.

Sasa tazama pipeti. Maabara zetu huwa na pipeti za ujazo wa 25 cm³, na mara nyingi pia za 20 cm³. Kwa mbali zinafanana. Ujazo umeandikwa kwa maandishi madogo kwenye lile tumbo la kioo, na kwenye pipeti iliyotumika sana huenda umefifia. Anayevuta 20 badala ya 25 atahitaji nne ya tano tu ya myeyusho wa kwenye bureti. Chukua simu yako upige hesabu: 24.6 mara 20, gawa kwa 25. Utapata 19.68. Bureti ina mistari ya nukta moja moja, kwa hiyo msomaji mwangalifu ataandika 19.7.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Sikuwepo, na namba zinaweza kukutana kwa bahati. Lakini umeniandikia kwamba pipeti ilikuwa moja kwa meza na wasichana wawili walipokezana. Kama ilikuwa ya 20, wote wawili wangefika 19.7 kwa mikono safi, na meza nyingine zote zingefika karibu na 24.6. Kuna kitu cha kukagua hapa, na kinakaguliwa kwa dakika tano: pipeti ya meza ile, kama bado inajulikana ni ipi. Angalia pia karatasi ya binti. Baadhi ya mitihani huwa na nafasi ya kujaza ujazo wa pipeti uliotumika. Ikiwepo, soma aliandika nini, na mwenzake aliandika nini.

Hata hivyo, usiibebe hoja hii kwenda Vihiga kana kwamba kesi imekwisha. Pipeti inaweza kueleza kwa nini jibu ni 19.7. Haiwezi kueleza ni nani aliyelipata. Huenda mmoja alipima kwa pipeti ya 20 na mwingine akatazama. Inachofanya ni kuliondoa lile kosa la pamoja katika ushahidi wa kunakili, na hapo mwalimu atahitaji sababu nyingine ya kusema alichosema.

Na sababu nyingine anaweza kuwa nayo. Mama, namba iliyonishtua mimi si 19.7 ya kwanza. Ni ile ya tatu.

Mwanafunzi hodari anaweza kupata kiasi kile kile mara tatu. Tone moja la bureti ni kama 0.05 cm³, na mkono uliozoea husimama pale pale. Mara nyingi zaidi utaona 19.7, 19.6, 19.7. Wanafunzi wenyewe wanajua kwamba namba zikikaribiana ni vizuri. Jedwali hili katika KCSE huwa na alama tano: moja kwa kulijaza lote, moja kwa kuandika nukta za desimali kwa utaratibu mmoja, moja kwa kukaribia jibu alilopata mwalimu wa shule hiyo, moja kwa kutafuta wastani wa namba zinazokubaliana, na moja kwa jibu la wastani wenyewe. Nafasi ikibaki wazi, alama ya kwanza imepotea. Kwa hiyo aliyepima mara mbili na kuona saa inakimbia, huku maswali mengine mawili yakimngoja ndani ya saa mbili na robo, hushawishika kuijaza ya tatu kichwani. Maabarani wanaita kupika. Ni udanganyifu, na wanafunzi wengi hawauhesabu kuwa udanganyifu kwa sababu hawajachukua cha mtu.

Binti alikuambia muda ulikuwa unaisha, kisha akalia. Naweza kuwa nimekosea kabisa. Mtoto aliyeitwa mwizi hulia kwa sababu nyingi. Lakini tuseme alipika ile ya tatu. Basi anaposema hakunakili, anasema kweli. Na mwalimu anaposema jedwali hili si safi, naye anasema kweli. Na barua uliyopewa, inayosema alinakili, inakuwa imekosea juu ya kilichotokea, ingawa aliyeiandika alihisi kitu kilichopo.

Hapo ndipo ningeweka nguvu zako kabla ya Jumatatu. Zungumza naye, lakini si kibandani wateja wakipekua nguo, na si mbele ya wadogo zake. Mwambie mwanzoni kwamba bado hujaamua kuhusu saini, kwamba unataka kuelewa kazi ilivyofanyika. Usiulize "ulinakili?" Ameshalijibu hilo, na kila ukilirudia anasikia humwamini. Mwombe akusimulie tangu alipoingia maabara. Meza ilikuwa wapi? Nani alisimama kulia? Nani alianza kuvuta kwa pipeti, na mwingine alikuwa akifanya nini wakati huo? Alijaza bureti hadi sufuri kila mara, au mara moja tu? Rangi iligeuka kutoka ipi kuwa ipi? Namba aliziandika kwenye jedwali palepale, au kwanza kwenye karatasi ya pembeni? Kengele ilimkuta kwenye swali gani? Mpe kalamu achore meza. Anayesimulia kazi aliyoifanya hutaja vitu vidogo ambavyo hukumuuliza, kama chupa iliyovuja au mwenzake aliyemharakisha. Akifika mara ya tatu, nyamaza. Mwachie nafasi.

Anaweza kukuambia moja kati ya mambo matatu, na kila moja lina gharama.

Akisema alipima zote tatu na kusimulia bila kukwama, una msingi wa kuomba jambo liangaliwe upya. Bado huna uthibitisho, na usiende kana kwamba unao.

Akisema ya tatu aliijaza mwenyewe, ningemshauri alipeleke yeye kwa mwalimu, kwa maandishi mafupi: nilipima mara mbili, namba ya tatu nilijaza kwa sababu muda uliisha, sikutazama karatasi ya mwenzangu. Sikufichi hatari yake. Mwalimu anaweza kusema aliyepika moja ameshindwa nini kunakili nyingine, na adhabu ikabaki ile ile. Lakini atakuwa amekiri alichokifanya tu, na kuanzia hapo hana cha kuficha akiulizwa. Kwa msichana wa umri wake, kubeba kosa lake kamili bila kubeba la ziada ni kazi nzito. Atakuhitaji uketi karibu naye anapoandika.

Akisema alitazama, basi utaumia, na mwalimu atakuwa alisoma karatasi zile vizuri. Hata hapo ile barua ina sehemu moja ambayo singeipitisha bila kuuliza, na nitaieleza sasa.

Maneno "bila kunishauri" yanakufanya uache mapema nafasi ya kusikilizwa kwa kosa ambalo halijatokea. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 iliyotokana nacho, vinampa kila mtu haki ya uamuzi wa haki na sababu zilizoandikwa pale anapoathiriwa. Mwanafunzi naye ni mtu. Sikuambii ukaingie ofisini ukitaja vifungu. Ukianza hivyo kila mtu atajikunja na mazungumzo yatageuka kesi. Jua tu kwamba kuomba maneno hayo yaondolewe si ukaidi.

Kuhusu saini yenyewe, ukiitia barua ilivyo, binti atarudi darasani siku hiyo hiyo, na hilo si dogo kidato cha nne. Bei yake ni kwamba karatasi inabaki kwenye faili. Cheti cha kumaliza shule huwa na maoni ya mwalimu mkuu kuhusu tabia, na anayeyaandika anaweza kufungua faili hilo. Bei nyingine ni ile aliyokutajia binti mwenyewe, na usiichukulie kuwa tishio la kitoto. Ukikataa kabisa, utakuwa umesimama naye, lakini kila siku anayokaa Kondele ni kipindi cha maabara ambacho hakirudishwi nyumbani, maana bureti huna. Na mwalimu aliyebishiwa waziwazi hupata shida kulegeza baadaye hata akiona ushahidi.

Kuna njia ya katikati ambayo shule nyingi huikubali ikiombwa kwa utulivu. Andika chini ya barua, kwa mkono wako, kabla ya saini: "Nimepokea na kusoma barua hii. Sikushuhudia tukio. Binti yangu ameeleza yafuatayo," kisha sentensi zake mbili tatu, tarehe, ndipo saini. Hapo umetia saini ya kupokea, si ya kukiri. Wasipokubali uandike kwenye karatasi yao, andika barua yako na uombe iwekwe pamoja nayo kwenye faili. Piga picha vyote viwili kabla ya kutoka.

Nani wa kumwona kwanza? Ningeanza na mwalimu wa Kemia, kabla ya ofisi. Mpigie leo au kesho umwombe dakika kumi asubuhi ya Jumatatu. Mtu aliyemwombea mwanao karo anastahili kusikia maswali yako kwanza, kuliko kuyasikia kutoka kwa mkubwa wake. Unaweza kumwambia hivi: "Mwalimu, nimezitazama zile namba nyumbani. Naona ulivyofikia uamuzi wako. Naomba unisaidie jambo moja: meza yao ilitumia pipeti ya ngapi?" Kisha usiongeze neno. Yeye ni mtu wa Kemia, na ile hesabu ya nne ya tano ataiona mwenyewe. Akiiona mwenyewe ni rahisi kwake kuirudia karatasi kuliko akionyeshwa na mzazi.

Akisema pipeti zote ni za 25, kubali, na uulize kama kuna kitu kingine walichotumia wawili hao peke yao, kama chupa ya myeyusho. Chupa iliyoingia maji hupotosha meza nzima. Akisema vyombo vilishachanganywa na haijulikani, basi haijulikani, na unaweza kuomba hilo nalo liandikwe.

Unaweza pia kuomba binti arudie jaribio mbele ya mwalimu, kwa pipeti yake mwenyewe. Dakika arobaini zinatosha. Lipime sana ombi hili. Jaribio la marudio litaonyesha kama mkono wake unajua kazi. Halitaonyesha kilichotokea siku ile. Na akiingia akitetemeka, akapitisha rangi mara mbili, atatoka akionekana na hatia ambayo huenda hana. Muulize yeye kwanza. Akisema hataki, usilichukue kuwa ishara.

Kuhusu yule mwenzake, usimpigie mama yake kumtaka aeleze nani alimtazama nani. Saini ya yule msichana inaweza kuwa ukweli, na inaweza kuwa ya mtoto aliyetaka kurudi kwenye kitanda chake bwenini. Kwa nje zote mbili zinafanana. Na wasichana hawa watakaa meza zinazopakana hadi Novemba. Kundi la wazazi la WhatsApp nalo liache kabisa.

Lile neno "mwizi" liwekee siku yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumdhalilisha mwanafunzi kwa mwili au kwa akili, na una haki ya kulitaja. Lakini ukilitaja kwenye kikao cha Jumatatu litaonekana kama silaha ya kufutia kosa. Jambo la karatasi likitulia, iwe limekwenda upande wenu au la, mwombe mwalimu azungumze na binti, na ikibidi mbele ya wale wale waliosikia. Akikataa, nenda kwa mwalimu mkuu, na baada yake bodi ya usimamizi ya shule. TSC, tume inayoajiri walimu, ingekuwa baada ya hapo, na kwa ulichoniandikia sioni kama tumefika huko.

Baba yake ana hofu ya kweli, nawe usimjibu kana kwamba hajali. Mwambie kwanza kwamba sufuri hii ni ya mtihani wa shule. Haipelekwi KNEC, na alama ya KCSE itatokana na karatasi za KCSE zenyewe. Kisha msomee zile hesabu za pipeti kwenye simu, umweleze maneno utakayoandika juu ya saini, na umwombe awe hewani Jumatatu saa utakazoingia ofisini, ili uamuzi wowote mtakaoutoa uwe wa wazazi wawili. Na mwisho wa juma hili binti asishinde amejifungia chumbani. Karatasi ya kwanza na ya pili za Kemia hazihitaji bureti, na vitabu anavyo.